Bingwa Mtarajiwa wa Ng'ambo

Nchi ya Hongerani haimo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Kaskazini imepakana na makofi, kusini imepakana na vigelegele, na katikati wanaishi watu wa kawaida kabisa wanaopanga foleni. Kama kuna msomaji ataona inafanana na nchi fulani anayoijua, hayo ni macho yake, mimi simo. Nasimulia nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia ni mtumishi wa serikali, tena mwenye muhuri.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja aitwaye Bi Mwantumu Chilemba, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na hesabu zake hazikuwa na mchezo. Cheo chake kilikuwa Mtabiri Mkuu wa Mvua na Ubingwa. Usicheke, tafadhali. Zamani alikuwa mtabiri wa mvua tu, na wakulima walimpenda. Kisha serikali ikaamua kubana matumizi kwa kuunganisha ofisi zinazofanya kazi moja. Mkubwa mmoja huko juu akagundua kwamba Idara ya Hali ya Hewa inatabiri, na wachambuzi wa mpira redioni nao kila kabla ya msimu wanatabiri nani atawania ubingwa. Akasema, hii si kazi moja hii? Wachambuzi wakapigwa marufuku kutabiri bila kibali, na Bi Mwantumu akaletewa mezani mafaili ya Ligi Kuu pamoja na kikombe cha chai cha pole.

Tangu hapo, kila mwezi wa sita alijaza Fomu Namba Tisa, iitwayo Wawania Ubingwa Watatu. Anaandika timu ya kwanza, ya pili na ya tatu, anagonga muhuri, fomu inapelekwa wizarani, inasomwa redioni baada ya wimbo wa taifa. Ligi inaanza mwezi wa nane. Na kila mwaka, kwa miaka tisa mfululizo, mwezi wa tano ulipofika kombe lilibebwa na timu ambayo haikuwemo kwenye fomu kabisa.

Watu wakamsema mama wa watu, wee! Wakasema ana gundu. Wakasema akikutaja umekwisha. Makocha wakawa wanamfuata sokoni, wanamshikia kapu, wanamnong'oneza, "Mama, sisi wabovu kabisa mwaka huu, mshambuliaji wetu haoni vizuri, usitutaje." Kuna mmoja alimletea vyeti vya daktari vya wachezaji wote kumi na wanane.

Lakini nisikilizeni mimi. Gundu hakuwa nalo. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na kila timu aliyoiandika ya kwanza ndiyo iliyokuwa bora nchini siku alipoiandika. Kilichoziua kilikuwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa pongezi.

* * *

Hongerani, timu hupongezwa kabla ya kushinda. Msinishangae, sababu ipo. Mawaziri wa huko hawadumu, leo yupo, kesho kuna mabadiliko madogo. Miaka ya nyuma waziri mmoja aliandaa sherehe nzito ya kumpongeza bingwa mwisho wa msimu, kafika mlangoni mwa ukumbi, redio inatangaza kwamba amepumzishwa. Pilau likaliwa na mrithi wake. Kuanzia siku ile kila waziri akajiapiza kwamba hatangoja. Ukishateuliwa, pongeza haraka, maana hujui kesho. Na kwa kuwa kuna fomu rasmi yenye muhuri inayosema nani ataibuka bingwa, kungoja mwezi wa tano kungekuwa kuidharau serikali.

Kwa hiyo fomu ikisomwa tu, timu iliyoandikwa ya kwanza hupewa Pongezi Daraja la Kwanza. Hapo hufuata wiki sita. Wachezaji hupandishwa kwenye lori na kutembezwa mikoa yote ishirini na miwili. Kila mkoa wanapanda miti mia nne, wanafungua bomba lisilotoa maji, wanahutubiwa juani kuanzia saa tatu mpaka saa nane, halafu wanakula pilau. Timu ya pili na ya tatu hupewa Daraja la Pili, ambalo ni mikoa kumi na mmoja na miti mia mbili.

Msimu uliopita kipa wa Povu, timu ya kiwanda cha sabuni, alipeana mikono na wananchi elfu kumi na moja, mkono ukavimba, glovu haikuingia tena. Beki wao wa kati aliongezeka kilo kumi na nne. Mshambuliaji aliteuliwa kuwa Balozi wa Kunawa Mikono, na kila akitaka kufunga goli alikuwa anaitwa semina. Ligi ilipoanza walifungwa mechi sita za mwanzo, na waziri akatangaza kwamba hujuma zinachunguzwa.

Bi Mwantumu aliliona hilo mwaka wa tatu. Akaandika barua wizarani kueleza kwamba pongezi zinaharibu utabiri. Barua ilirudi na maelezo kwamba lugha yake haikuwa ya kupongeza.

Sasa mwaka ule wa kumi ulikuwa na jambo lake. Kulikuwa na Kanuni ya Kumi, inayosema kwamba mtabiri atakayekosea mara kumi mfululizo atahamishiwa Kituo cha Mvua cha Nyikatupu. Nyikatupu ni safari ya siku mbili kwa lori. Mvua ya mwisho ilinyesha huko wakati Bi Mwantumu yuko darasa la sita. Kazi ya mtumishi wa kituo ni kuamka asubuhi, kuchungulia ndani ya kipima mvua, na kuandika "hakuna". Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na miaka hiyo mitatu angeichungulia huko, peke yake.

Peke yake, kwa sababu mumewe asingeweza kwenda. Mzee Hemedi, dereva wa treni mstaafu, magoti yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba hata sokoni alikwenda kwa vituo. Miaka thelathini na mmoja walikuwa wameishi pamoja, hawajalala mbalimbali ila siku binti yao Rukia alipozaliwa. Na Nyikatupu redio haishiki, ilhali Mzee Hemedi bila kusikia mechi ya Magurudumu, timu ya reli, alikuwa hawezi kumaliza juma.

* * *

"Mama Rukia," Mzee Hemedi alianza asubuhi ile wakinywa chai, "nikuombe kitu."

"Usiniombe, baba Rukia. Nakijua."

"Mwaka huu usiwataje Magurudumu. Ningekupigia magoti, lakini nikipiga hayainuki tena."

"Nisiwataje hata wakiwa wazuri?"

"Hasa wakiwa wazuri! Mwaka ule uliwataja, wakaletwa hapa mtaani juu ya lori, nikaona winga wetu anahema kwa kupanda ngazi ya jukwaa. Nililia mimi. Mtu mzima nililia mbele ya wajukuu."

"Na mimi nikikosea tena unajua naenda wapi."

Mzee akachovya mkate kwenye chai mpaka ukakatika ukazama. "Najua," akasema. "Kama huko Nyikatupu kungekuwa na treni, ningekuja kila wiki."

"Hakuna treni."

"Najua hakuna. Nasema tu."

Bi Mwantumu akaenda kazini moyo umemjaa. Akafungua mafaili, akapiga hesabu. Povu wa kwanza. Simenti wa pili. Magurudumu wa tatu. Wa nne Ng'ambo, timu ndogo ya ng'ambo ya Mto Lukwegu, iliyopanda daraja miaka miwili nyuma. Akaweka kalamu chini. Atakayemwandika wa kwanza atapongezwa mpaka aishe. Asipomwandika, atakuwa amekosea. Akapanga na kupangua, jibu likawa lilelile, Nyikatupu.

Saa tatu kamili redio ya upepo ikakoroma. Ulikuwa muda wa taarifa za mvua kutoka vituoni.

"Lukwegu hapa, Lukwegu hapa," ilisema sauti ya Mwalimu Lameki Ngwale. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya Ng'ambo, msoma kipima mvua wa kituo, na kocha wa timu, kwa kuwa huko watu wachache na kazi nyingi. "Mvua milimita thelathini na nane. Mto umejaa. Daraja bado. Mwisho wa taarifa."

Kwa miaka minne Mwalimu Ngwale alikuwa akimalizia hivyohivyo, "daraja bado," na kwa miaka minne Bi Mwantumu alikuwa akiyakata maneno hayo mawili kwa kalamu nyekundu, maana fomu ya mvua haina sehemu ya daraja. Isitoshe, Daraja la Lukwegu lilikuwa limeshazinduliwa. Lilizinduliwa mara tatu, na mawaziri watatu. Utepe ulifungwa kwenye vijiti viwili ukingoni upande huu, ukakatwa, makofi yakapigwa, picha ikatoka kwenye kalenda ya taifa. Ilichokosa sherehe ile ni daraja tu.

Siku ile kalamu nyekundu haikushuka. Ikabaki hewani. Kisha mama akainuka polepole, akafunga mlango wa ofisi, akashika redio.

"Mwalimu Ngwale, hebu rudia hapo mwisho."

"Daraja bado, Bi mkubwa."

"Kwa hiyo magari hayafiki kwenu?"

"Magari? Sisi wenyewe tunavuka kwa tyubu za matairi, tumeshika kamba. Timu ngeni zikija kucheza zinafika zimeloa chapachapa. Mwaka jana Simenti walicheza kipindi cha kwanza wanatetemeka."

"Na walilalamika?"

"Walilalamika, wakapewa onyo kwa kulikashifu daraja."

Bi Mwantumu akaketi, akaivuta Fomu Namba Tisa. Ya kwanza akaandika Ng'ambo. Ya pili akaandika Povu. Ya tatu, Simenti. Akagonga muhuri mara moja tu, kwa nguvu, meza ikatikisika.

* * *

Fomu iliposomwa nchi nzima iliangua kicheko. Ng'ambo! Wale wanaofanya mazoezi kwenye uwanja wenye mwembe golini! Mtaani kwao watu walimpongeza Mzee Hemedi kwa Magurudumu kutotajwa, akapokea mikono kutwa nzima anacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana. Ila jioni alikaa kibarazani akiwaza, maana naye hesabu alizijua kidogo. Povu na Simenti wameshatajwa, wamekwisha. Basi anayebaki kuwazuia Ng'ambo ni Magurudumu wake mwenyewe. Wakishinda hao, mama Rukia anapanda lori.

Waziri wa Hali ya Hewa, Ligi Kuu na Pongezi wakati huo alikuwa Mheshimiwa Gaudensi Lukwembe, na alikuwa na haraka, kwa sababu kulikuwa na fununu za mabadiliko madogo. Siku nne tu baada ya fomu kusomwa msafara ukaondoka kwenda kuichukua timu ya Ng'ambo ianze ziara: magari thelathini na moja, matarumbeta, miche ya miti, masufuria kumi na mawili ya pilau, na Bi Mwantumu kwenye gari la kumi na tisa akiwa ameshikilia bahasha ya utabiri, kama itifaki inavyotaka.

Msafara ukafika Mto Lukwegu, ukasimama.

Maji yalikuwa yanapita, mapana, rangi ya chai ya maziwa. Upande huu kulikuwa na vijiti viwili vyenye kipande cha utepe kilichofifia na bango kubwa lenye picha ya Mheshimiwa Lukwembe akikata utepe huohuo. Yeye ndiye aliyekuwa mzinduzi wa tatu. Upande wa pili walionekana wachezaji wa Ng'ambo wamejipanga na jezi zao za kijani, wanapunga mikono.

Dereva wa gari la kwanza akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa, tupite?"

Mheshimiwa akautazama mto, akalitazama bango. Waandishi wa habari walikuwa wameshatoa kalamu. Angesema daraja halipo, basi alizindua nini? Angesema lipo, basi apite.

"Daraja," akasema hatimaye, "liko katika mapumziko ya kitaalamu. Madaraja makubwa yote hupumzishwa. Hatuwezi kulisumbua kwa magari thelathini na moja, sisi siyo serikali ya namna hiyo. Leteni kipaza sauti!"

Kipaza sauti kikaletwa, kikaelekezwa ng'ambo, na Mheshimiwa akauhutubia mto kwa saa tatu na robo.

"Ndugu mabingwa watarajiwa! Ushindi wenu haukuja hivihivi! Umetokana na mazingira wezeshi! Mlipokuwa mnafunga magoli ambayo mtayafunga, nani alikuwa nyuma yenu? Wizara! Mlipokuwa mnatoka nyuma kwa goli moja, kama mtakavyotoka, nani aliwapa moyo? Wizara! Nawaagiza mlilinde kombe hili, ambalo hamjalipata, kwa wivu mkubwa!"

Matarumbeta yakalia. Vyeti vya pongezi vikasomwa jina moja moja, na kila jina likisomwa mchezaji wa ng'ambo ya pili alikuwa akiinua mkono, na cheti chake kikikabidhiwa kwa mkuu wa itifaki kwa niaba. Miti mia nne ikapandwa upande huu kwa niaba. Yote haya yalikwenda vizuri. Kisha masufuria yakafunuliwa.

Jamani, upepo ule! Ulikuwa unavuma kuelekea ng'ambo. Harufu ya bizari na nyama ikavuka mto bila kuhitaji daraja, na Bi Mwantumu, aliyekuwa amekwisha kuanza kutabasamu, akaona safu ya jezi za kijani inayumba. Nahodha akavua viatu. Wa pili akavua jezi. Mmoja akakimbilia tyubu.

Mama akasahau itifaki. Akateremka, akalisogelea gari la mawasiliano, akashika redio ya upepo. "Mwalimu Ngwale! Mwalimu, unasikia?"

"Nakusikia, Bi mkubwa," ilijibu sauti kutoka ng'ambo, na nyuma yake kelele. "Wanataka kuvuka. Hawa watoto hawajala pilau tangu Idi."

"Mwalimu, wakivuka wamekwisha! Wakigusa upande huu watapakiwa kwenye lori, mikoa ishirini na miwili. Utawaona tena mwezi wa nane, hawawezi kufunga hata kamba za viatu."

"Sasa niwaambie nini? Harufu ipo hapa, Bi mkubwa, hata mimi nimeisikia."

"Wapigie filimbi! Wakimbize kuzunguka uwanja mpaka upepo ugeuke. Utageuka saa tisa na nusu."

"Una hakika?"

"Mwalimu, mimi ni mtabiri wa mvua miaka thelathini. Kuhusu upepo sikosei."

Filimbi ikalia ng'ambo, kali, ya kiwalimu hasa. Wale vijana wakageuka kwa shingo upande, wakaanza kukimbia. Saa tisa na nusu upepo ukageuka. Pilau likaliwa na msafara, likaisha lote, na magazeti ya kesho yake yakaandika kwamba Waziri amevuka vikwazo vyote.

Povu na Simenti, wao walikuwa na barabara nzuri ya lami mpaka mlangoni. Wakapongezwa ipasavyo.

* * *

Msimu ukaenda kama Bi Mwantumu alivyouandika. Povu walikuwa wanatembea uwanjani. Simenti walishinda mechi mbili, zote kwa sababu wapinzani wao hawakutokea. Ng'ambo, ambao kila mechi ya ugenini huanza kwa kuogelea, walikuwa na pumzi ya kucheza mechi mbili kwa siku moja. Ila Magurudumu nao walikuwa moto, na nyumbani kwa Bi Mwantumu hali ikawa ngumu. Magurudumu wakishinda, Mzee Hemedi anaruka, kisha anakumbuka, anakaa. Magurudumu wakifungwa, anasonya, kisha anakumbuka, anakwenda kumwekea mkewe maji ya kuoga. Mpaka majirani wakawa hawamwelewi.

Siku ya mwisho ya ligi ikakuta Ng'ambo na Magurudumu wana pointi sawa, na wanakutana wao kwa wao, nyumbani kwa Ng'ambo. Sare tu iliwatosha Magurudumu, kwa wingi wa magoli.

"Nakwenda," Mzee Hemedi akasema.

"Na magoti hayo? Kuna mto!"

"Miaka arobaini na miwili nawafuata hawa. Nitavutwa kwenye tyubu."

"Na utamshangilia nani, baba Rukia?"

Mzee akafunga skafu yake nyekundu shingoni pole pole. "Usiniulize," akasema, akaondoka.

Bi Mwantumu akabaki ofisini na redio ya kawaida. Mtangazaji wa taifa alikuwa amekatazwa kuvuka kwa tyubu, kwani kuvuka kwa tyubu ni kulikashifu daraja, kwa hiyo alitangaza akiwa upande huu wa mto kwa darubini. "Naona vumbi, wasikilizaji," alisema. "Vumbi ni la kasi sana. Sasa nasikia kelele! Kelele kubwa! Ni goli, au ng'ombe wameingia uwanjani. Sasa kimya. Naona mtu ameinua mikono, rangi ya jezi siwezi kusema, lenzi imeingia ukungu. Kelele tena! Na mpira umekwisha, nadhani, maana wanaondoka. Tuwapongeze washindi." Ukapigwa wimbo wa taifa.

Mama alitamani kuitupa ile redio dirishani. Hakupata kujua. Mwalimu Ngwale hakujibu redio ya upepo siku hiyo wala asubuhi yake. Mama akarudi nyumbani, akafungua kabati, akatoa sanduku, akaanza kupanga nguo za Nyikatupu: za pamba, nyepesi.

Mchana wa siku hiyo, saa nane, Mzee Hemedi akaingia, suruali imekauka matope mpaka kiunoni, skafu haipo shingoni. Akalikuta sanduku kitandani.

"Rudisha nguo kabatini," akasema.

"Baba Rukia! Ilikuwaje?"

"Moja bila. Ng'ambo." Akakaa chini, akapangusa uso kwa kiganja. "Mama Rukia, ngoja nikwambie, na usimwambie mtu. Dakika ya themanini na nane tumepata penalti. Sisi, Magurudumu. Ikiingia, ubingwa wetu, miaka ishirini tunaungoja. Nimefumba macho. Nataka kusema, Ya Rabi, iingie. Nimefungua mdomo, nikasikia nasema, Ya Rabi, apaishe."

"Ukasema hivyo?"

"Kwa sauti! Katikati ya wenzangu! Akapaisha, mpira umekwenda mtoni. Wameninyang'anya skafu, wamenivusha kwa tyubu ya mwisho, iliyotoboka." Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. "Nimewasaliti, mama Rukia. Miaka arobaini na miwili."

Bi Mwantumu akaketi karibu naye, akamshika yale magoti mabovu, akalia na yeye. Kisha akatia chai.

* * *

Wizarani kulizuka taharuki. Utabiri ulikuwa umetimia, na hapakuwa na fomu ya jambo kama hilo. Mheshimiwa Lukwembe, ambaye kwa maajabu alikuwa bado hajapumzishwa, akamwita Bi Mwantumu ofisini kwake, akamkalisha kwenye kochi la wageni.

"Mama, umetutoa kimasomaso! Mkuu wa Nchi amefurahi sana. Amesema mtu mwenye kipaji hiki hapaswi kuishia kwenye mpira." Akasogeza Fomu Namba Tisa mpya kabisa, juu yake pameandikwa Uchaguzi Mkuu. "Tunataka utabiri wa kitaalamu. Nani atashinda?"

"Wanawania wangapi, Mheshimiwa?"

"Mmoja."

Bi Mwantumu akavaa miwani. Akaandika jina la Mkuu wa Nchi kwenye nafasi ya kwanza, kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri. Waziri akashusha pumzi.

"Ila kwa kuwa ni wa kwanza kwenye fomu," mama akaendelea, "itifaki inataka apewe Pongezi Daraja la Kwanza. Wiki sita, mikoa yote, juani. Na mimi kama mtabiri ninapendekeza ziara ianzie kwa mabingwa wa nchi, kule Ng'ambo. Mkuu wa Nchi apite darajani kwa gari lake. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyelizindua, Mheshimiwa, ukae gari la mbele."

Waziri akakohoa. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola. "Mama Mwantumu," akasema kwa sauti ndogo, "daraja lile... si unajua lile daraja..."

"Nalijua vizuri, Mheshimiwa. Limo kwenye kalenda. Nimeshaandika na muhuri umeshagongwa."

Wiki iliyofuata, baada ya kuzinduliwa mara tatu, Daraja la Lukwegu likaanza kujengwa. Mafundi walifanya kazi kwa zamu tatu, na Mheshimiwa Lukwembe mwenyewe alionekana akibeba ndoo ya zege. Nchi nzima ikashangaa. Wakulima wa Ng'ambo, ambao mahindi yao yalikuwa yakioza ghalani kila mwaka, walicheza ngoma siku mbili. Bi Mwantumu akaona kwamba katika miaka thelathini ya kutabiri hii ndiyo kazi moja aliyoifanya ikaonekana kwa macho.

Saa tatu kamili asubuhi, akiwa ameweka mezani Fomu Namba Tisa ya msimu mpya, redio ya upepo ikakoroma.

"Lukwegu hapa, Lukwegu hapa," ilisema sauti ya Mwalimu Ngwale, na safari hii ilikuwa na huzuni. "Mvua milimita kumi na mbili. Mto umepungua. Daraja limefika katikati. Bi mkubwa, nakuomba kwa heshima na taadhima, sisi mwaka huu wabovu kabisa. Usitutaje. Mwisho wa taarifa."